Dwarka: Mji wa Mahujaji Uliolelewa na Bahari

Katika ncha ya magharibi ya rasi ya Saurashtra, jimboni Gujarat, umesimama mji mdogo wa Dwarka, ambao sensa ya India ya mwaka 2011 iliuhesabia wakazi wapatao 39,000 tu, ilhali daraja lake mbele ya Wahindu ni kubwa kuliko la miji mingi yenye mamilioni ya watu. Dwarka ni mojawapo ya makao manne makuu ya hija, yaitwayo dham, ambayo mapokeo yameyaweka katika pande nne za India: Badrinath milimani kaskazini, Puri katika pwani ya mashariki, Rameswaram kusini na Dwarka magharibi. Umo pia katika orodha ya miji saba mitakatifu, pamoja na Varanasi, Ayodhya na Mathura, ambayo waumini husadiki kwamba humsaidia mtu kupata moksha, yaani kufunguliwa kutoka katika mzunguko wa kuzaliwa na kufa tena na tena. Maelezo wanayopewa wageni kuhusu mji huu kwa kawaida huanza na mungu Krishna na kuishia naye, na kwa kufanya hivyo huwaacha nje nahodha, mvuvi wa makombe, mtoza ushuru na haramia, watu ambao kwa karne nyingi ndio walioulisha mji na, kwa kiasi kisichokubaliwa kwa urahisi, ndio waliolijenga na kulijenga upya hekalu lake.

Jiografia yenyewe inaeleza mengi. Nchi inayouzunguka mji, iitwayo Okhamandal, ni tambarare kavu yenye mvua chache na maji ya chumvichumvi, na zamani ilitengwa na sehemu nyingine ya Saurashtra kwa ukanda wa ardhi ya chumvi na matope ambao wakati wa mvua haukupitika kwa wepesi. Kilimo hakikuweza kuulisha mji mkubwa hapo. Kilichokuwapo ni mdomo wa Ghuba ya Kutch, njia ambayo vyombo vya kwenda na kutoka Sindh, Ghuba ya Uajemi, Uarabuni na Afrika havikuwa na budi kuipitia au kuikaribia, na kisiwa cha Bet Dwarka, kilomita zipatazo 30 kaskazini mwa mji, ambacho kina maegesho mazuri yaliyokingwa na mawimbi.

Masimulizi ya utenzi wa Mahabharata, na ya kitabu cha Harivamsha kilichofungamanishwa nao, yanasema kwamba Krishna, ambaye Wahindu wengi humhesabu kuwa ni Vishnu aliyejidhihirisha kwa umbo la mwanadamu, aliuhama mji wa Mathura baada ya kushambuliwa mara kwa mara na Jarasandha, mfalme wa Magadha, akawaongoza watu wa ukoo wake, Wayadava, hadi pwani ya magharibi, ambako bahari ilimwachia ardhi ya kujenga mji mpya. Kwa kuwa aliuacha uwanja wa vita, Krishna wa Dwarka huitwa Ranchhod, aliyeondoka vitani, na waumini hulitaja jina hilo kwa mapenzi, bila kuona ndani yake dalili yoyote ya aibu. Utenzi unaendelea kueleza kwamba Wayadava waliuana wenyewe kwa wenyewe, Krishna akafa kwa mshale wa mwindaji, na bahari ikairudia ardhi yake na kuumeza mji wote.

Habari hii ya mji uliozama ndiyo iliyowavuta wanaakiolojia. Mwaka 1963 Chuo cha Deccan cha Pune kilifanya uchimbaji wa kwanza mjini, na mnamo 1979 na 1980 mwanaakiolojia S. R. Rao alichimba mbele ya hekalu kuu akakuta mabaki ya mahekalu yaliyotangulia, likiwamo la Vishnu la karne ya 9. Kuanzia mwaka 1983 Rao, akifanya kazi na Taasisi ya Taifa ya Elimu ya Bahari iliyoko Goa, aliwapeleka wapiga mbizi kwenye maji yaliyo mbele ya mji, ambako waliona matofali makubwa ya mawe yaliyochongwa, misingi ya umbo la duara na nanga nyingi za mawe. Katika kisiwa cha Bet Dwarka vilipatikana vyungu na muhuri mdogo wenye mchoro wa mnyama wa vichwa vitatu, vitu ambavyo wataalamu huvihusisha na kipindi cha mwisho cha ustaarabu wa Bonde la Indus, katikati ya milenia ya pili kabla ya Kristo. Rao aliviunganisha vyote hivi akahitimisha kwamba Dwarka ya Mahabharata ilikuwa imepatikana.

Hitimisho hilo lilipokewa kwa shangwe kubwa, lakini ushahidi wake hauna nguvu inayolingana na shangwe hiyo. Watafiti waliomfuata katika taasisi ileile, hasa A. S. Gaur na Sundaresh, waliyapima upya mawe na nanga hizo wakaona kwamba sehemu kubwa yake ni ya karne za kati, na kwamba mawe mengine huenda yalikuwa ya gati au ya kuta za bandari. Nanga zenyewe, baadhi zikiwa mawe mapana yenye matundu matatu na nyingine mawe marefu yaliyochongwa mfano wa nguzo, ni za namna zinazojulikana pia katika bandari za Uajemi na Omani. Kwa maneno mengine, kilichopatikana chini ya maji kwa uhakika ni bandari iliyotumiwa sana na kwa muda mrefu, na kwa mwanahistoria hilo si jambo dogo, kwa sababu linaonyesha kwamba mahali pa hija na mahali pa kutia nanga palikuwa pamoja. Idara ya Akiolojia ya India ilirejea majini mwezi Februari 2025, karibu na mdomo wa hori la Gomti, na mjadala bado haujafungwa.

Maandishi ya wageni yanaanza mapema. Periplus ya Bahari ya Erithrea, kitabu cha mwongozo wa biashara kilichoandikwa kwa Kigiriki katika karne ya 1, ambacho wasomaji wa Afrika Mashariki wanakijua kwa habari zake za Azania na bandari ya Rhapta, kinaitaja ghuba iitwayo Barake, ambayo wataalamu wengi huilinganisha na Ghuba ya Kutch na pwani ya Dwarka. Mwandishi anawaonya manahodha kuhusu mikondo mikali ya hapo, vina visivyoaminika na mawe makali yanayokata kamba za nanga, na anaongeza kwamba dalili ya kuikaribia ni nyoka wakubwa weusi wanaotokea baharini. Kitabu hichohicho kinaeleza kwamba bandari za India magharibi zilipeleka nafaka, samli, nguo na mafuta ya ufuta katika masoko ya ng'ambo, upande wa Afrika. Mji wenyewe unatokea katika maandishi ya kifalme baadaye: hati ya bamba la shaba ya mwaka 574, iliyopatikana Palitana, inamtaja mtawala mdogo wa Dwarka aliyekuwa chini ya wafalme wa Valabhi. Mapokeo yanasema pia kwamba mwanafalsafa Shankara, anayewekwa kwa kawaida katika karne ya 8, aliasisi hapa nyumba ya watawa ya magharibi, mojawapo ya zile nne alizoziweka kuilinda elimu yake, na Sharada Peeth, kama inavyoitwa, bado ipo kando ya hekalu.

Tukio lililoacha kovu kubwa zaidi linahusu uharamia. Waandishi wa Kiajemi wa Gujarat, ambao waliuita mji huu Jagat, wanaeleza kwamba mwanazuoni mmoja, Maulana Mahmud Samarqandi, alikuwa safarini kwa bahari kuelekea Hurmuz pamoja na aila yake wakati chombo chake kilipotekwa na maharamia wa Jagat, akapokonywa mali na jamaa zake, na hatimaye akafika kwa taabu mbele ya Sultani Mahmud Begada wa Gujarat kumlilia haki. Mwaka 1473 Sultani aliliongoza jeshi lake hadi Dwarka, akalibomoa hekalu, kisha akakusanya vyombo na kukishambulia kisiwa cha Bet, ambako mtawala wa mahali hapo, Raja Bhim, alikuwa amekimbilia. Bhim alikamatwa, akapelekwa Ahmedabad na kuuawa. Waandishi wa baadaye, kila mmoja kwa matakwa yake, wamelifanya tukio hili kuwa vita vya dini tu au kuwa adhabu ya wezi tu. Ukweli ni kwamba mambo hayo mawili hayakuweza kutenganishwa, kwa kuwa ngome, hekalu na ghala la mateka vilikuwa mikononi mwa watu walewale.

Hali hiyo iliendelea kwa zaidi ya karne tatu baada ya Mahmud Begada. Watemi wa Kirajput wa Bet na Aramda, pamoja na Wavagheri, watu wa asili wa Okhamandal, waliendelea kuviwinda vyombo vilivyopita mdomoni mwa ghuba, na taarifa za maofisa wa Kampuni ya Uingereza ya India Mashariki za mwanzoni mwa karne ya 19 zinaeleza kwamba sehemu ya mateka ilitolewa kwa mungu wa hekalu, aliyehesabiwa kuwa mlinzi wa safari hizo. Kwa mtazamo wa maofisa hao jambo hili lilikuwa kashfa. Kwa mtazamo wa wenyeji lilikuwa na mantiki yake, kwani mwenye bahari ni Krishna, na anayepita katika bahari ya mwenyewe hulipa, ama kwa ushuru, ama kwa sadaka, ama kwa kunyang'anywa. Mahujaji nao walilipa. Walitozwa kwa kuoga katika maji ya Gomti na kwa kuvuka kwenda Bet, hivi kwamba hija na uharamia vilikuwa vyanzo viwili vya hazina moja.

Hekalu linaloonekana leo, liitwalo Dwarkadhish, yaani la Bwana wa Dwarka, au kwa heshima zaidi Jagat Mandir, kwa sehemu kubwa ni jengo la karne za 15 na 16 lililoinuliwa baada ya uharibifu wa Mahmud Begada. Limejengwa kwa mawe ya chokaa ya pwani hiyo, lina ukumbi wa ghorofa tano unaobebwa na nguzo ambazo kwa desturi huhesabiwa kuwa 72, na nyuma ya ukumbi huo kuna chumba kitakatifu chenye sanamu ya jiwe jeusi ya Krishna mwenye mikono minne, juu yake ukiwa umesimama mnara mrefu uliochongwa tabaka kwa tabaka. Mapokeo ya Gujarat yanadai kwamba sanamu ya zamani haipo tena mjini, bali ilichukuliwa na mkulima mcha Mungu aitwaye Bodana hadi mji wa Dakor, mashariki mwa jimbo, na kwamba Dwarka ilibaki na sanamu nyingine. Makuhani wa miji yote miwili wameishi na madai hayo kwa muda mrefu bila mji wowote kupungukiwa na mahujaji.

Ziara ya mhujaji huanzia majini. Gomti, ijapokuwa huitwa mto na kuheshimiwa kama mto, ni hori la bahari ambalo hujaa na kupwa, na kandoye zimejengwa ngazi pana za mawe, ghat, ambako watu huoga ili kujitakasa. Kutoka hapo hupanda vidato 56 hadi mlango wa kusini, Mlango wa Mbingu, huingia kufanya darshan, ambayo ni kumtazama mungu na kutazamwa naye, kisha hutokea mlango wa kaskazini, Mlango wa Moksha. Ng'ambo ya hori kuna visima vitano vya maji matamu karibu kabisa na maji ya chumvi, vinavyohusishwa na ndugu watano wa Mahabharata, na kwenye mwamba wa ufukweni lipo hekalu la Shiva, Bhadkeshwar, ambalo bahari hulizunguka maji yanapojaa. Nje kidogo ya mji, kiasi cha kilomita mbili, lipo hekalu la Rukmini, mke wa Krishna, lenye michongo bora kuliko ya hekalu kuu. Hadithi inasema kwamba Rukmini alikunywa maji kabla ya kumkaribisha mtawa mwenye hasira, Durvasa, akalaaniwa kukaa mbali na mumewe na nchi ile ikalaaniwa kukosa maji matamu. Ndiyo sababu mahujaji wa hapo huombwa kutoa sadaka ya maji, na ni vigumu kupata mfano ulio wazi zaidi wa hadithi iliyozaliwa na shida halisi ya nchi.

Kinachotambulisha mji kutoka mbali ni bendera. Juu ya mnara hupepea kitambaa cha yadi 52 chenye picha za jua na mwezi, na kitambaa hicho hubadilishwa mara kadhaa kila siku, kila kimoja kikiwa kimetolewa na familia iliyojiandikisha mapema, wakati mwingine miaka kabla. Hesabu ya 52 hufafanuliwa na makuhani kuwa ni jumla ya nyota 27 za falaki ya Kihindi, buruji 12, sayari tisa na pande nne za dunia. Wanaopanda kileleni kuitundika, kwa mikono na bila ya ngazi ya kisasa, ni vijana wa jamii ya Wabrahmani wa Aboti, ambao haki hiyo ni ya urithi wao, kama ambavyo ukuhani wa hekalu ni urithi wa Wabrahmani wa Guguli. Mwezi Julai 2021 radi iliipiga nguzo ya bendera na kuchana kitambaa pasipo kulidhuru jengo, na tukio hilo liliongezwa papo hapo katika hesabu ya miujiza. Mwenye kuzoea bahari ataona vilevile kwamba mnara mrefu wenye bendera katika pwani tambarare isiyo na milima ni alama ya kuongozea vyombo, na kwamba nahodha wa dini yoyote aliitafuta.

Desturi za hija zenyewe zilikuwa na bidhaa zake, na takriban zote zilitoka majini au kandoni mwa maji. Kisiwa cha Bet kilijulikana pia kwa jina la Shankhodhar, kwa sababu ya shankha, kombe kubwa la konokono wa baharini ambalo hupulizwa kama baragumu katika ibada na ambalo ni mojawapo ya alama za Vishnu. Uvuvi wa makombe hayo katika Okhamandal ulikuwa na maana ya kutosha kwa serikali ya Baroda, dola iliyotawala eneo hilo wakati huo, kumwalika mtaalamu wa viumbe wa baharini, James Hornell, ambaye alichapisha ripoti yake mwaka 1909. Ufukwe wa Dwarka hutoa vilevile vipande vya matumbawe vyenye alama za mviringo zinazofanana na gurudumu, ambavyo waumini huviabudu nyumbani kwa kuwa gurudumu ni silaha ya Vishnu. Kutoka Gopi Talav, bwawa lililo njiani kuelekea Okha, hutolewa udongo wa manjano, gopichandan, ambao wafuasi wa Vishnu huutumia kupaka alama katika vipaji vya nyuso zao popote walipo duniani.

Alama iliyokuwa na uzito kuliko zote iliwekwa mwilini. Hadi karne ya 19 mahujaji wengi, hasa watawa, waligongwa mikononi muhuri wa chuma cha moto wenye umbo la kombe na gurudumu, na kovu lake likawa hati ya kudumu ya kwamba mtu amefika Dwarka. James Tod, ofisa wa Kiingereza aliyetembelea pwani hii mwishoni mwa 1822 na mwanzoni mwa 1823 kabla ya kuvuka ghuba kwenda Mandvi, bandari ya Kutch, aliandika kuhusu desturi hiyo. Baadaye chuma kilibadilishwa na mihuri inayochovywa katika udongo wa gopichandan, ambayo huoshwa ikatoka. Kumbukumbu nyingine, ambayo haijatoweka, ni daftari za makuhani wa mahujaji, ambao kila mmoja huhudumia koo au vijiji maalumu na huandika majina ya wanaofika, ya baba zao na ya babu zao. Daftari hizi ni hazina ya historia ya familia ambayo wanahistoria wa uhamiaji hawajaitumia vya kutosha.

Utawala wa maharamia ulivunjwa kwa awamu. Kampuni ya India Mashariki iliwatia watemi wa Okhamandal katika mkataba mwaka 1807, ikaiteka nchi yao mwaka 1816 na mwaka uliofuata ikaikabidhi kwa Gaekwad, mtawala wa Baroda, ambaye alikuwa na hamu ya kuilinda njia ya mahujaji kwa faida ya dini yake na ya hazina yake. Wavagheri hawakukubali. Waliasi mwaka 1820, na kwa nguvu zaidi baada ya vita vikuu vya 1857 dhidi ya Waingereza, wakiongozwa na Jodha Manek na Mulu Manek, wakaushika mji na kisiwa. Mwezi Oktoba 1859 majeshi ya Waingereza yaliizingira Bet na kisha Dwarka kwa mizinga. Ngome ya Bet ilibomolewa, mahekalu yaliyokuwa ndani yake yakapata madhara, na wapiganaji wakatorokea vilimani, ambako Mulu Manek aliuawa mwaka 1868. Matengenezo ya hekalu kuu yalifuata mwaka 1861 kwa gharama ya Baroda. Hivyo hekalu lilipigwa na dola mbili zilizoachana kwa karibu karne nne, ya Kiislamu na ya Kikristo, kwa sababu zilizokaribiana: zote zilitaka kumwondoa aliyekuwa akiitumia bahari bila idhini yao.

Uhusiano wa pwani hii na Afrika Mashariki ni wa zamani na wa kweli. Mwandishi wa safari ya kwanza ya Vasco da Gama anaeleza kwamba mwezi Aprili 1498 Wareno waliwakuta Malindi watu wa India wenye vyombo vyao, wasiokula nyama ya ng'ombe, ambao walipiga kelele ambazo masikioni mwa wageni zilisikika kuwa ni jina la Kristo. Wahariri wa maandishi hayo wamehisi kwamba jina lililotamkwa lilikuwa Krishna. Dhana hiyo ina uzito, kwa sababu wafanyabiashara wa Gujarat walikuwa wenyeji wa bandari za Waswahili na rubani aliyepatikana hapo Malindi anatajwa kuwa Mgujarati. Vyombo viliondoka Gujarat na Kutch kwa pepo za kaskazi na kurudi kwa kusi, navyo vilikwepa miezi ya Juni na Julai, wakati bahari ya India magharibi inapochafuka na bandari zake kufungwa.

Katika karne ya 19 uhusiano huo ulijikita Unguja. Jairam Shivji, Mbhatia ambaye asili ya nyumba yake ni Mundra katika Kutch, alishika forodha ya Masultani wa Zanzibar kwa mkataba wa kukodi ushuru, na kwa miongo kadhaa nyumba yake ilikuwa na nguvu za fedha kuliko nyumba nyingine yoyote ya biashara visiwani. Wabhatia na Walohana, ambao Waswahili waliwajumuisha katika jina la Mabaniani, wengi wao ni wafuasi wa njia ya ibada ya Krishna iliyoasisiwa na Vallabhacharya, aliyefariki mwaka 1531. Wabhatia wa zamani waliwaacha wake zao Kutch na kuishi Unguja kwa vipindi, na kwa mtu aliyerejea Mandvi, Dwarka ilikuwa ng'ambo ya ghuba tu. Wimbi la baadaye, la zama za reli ya Uganda na dukawala, lilitoka zaidi upande wa kusini wa ghuba, katika vijiji vya Jamnagar na Porbandar. Nanji Kalidas Mehta, aliyeanzisha kiwanda cha sukari Lugazi, na Muljibhai Madhvani wa Kakira, wote wawili walizaliwa katika vijiji vya eneo la Porbandar, safari fupi kutoka Dwarka. Baada ya Idi Amin kuwafukuza Waasia mwaka 1972, vizazi vya familia hizo vilitawanyika hadi Leicester na Toronto.

Karne ya 20 iliugeuza mji kwa haraka kuliko karne tano zilizotangulia. Reli na bandari ya Okha, zilizojengwa chini ya Baroda, ziliwaleta mahujaji ambao awali wangekuja kwa jahazi au kwa mkokoteni wa ng'ombe. Ardhi ya chumvi iliyokuwa laana ikawa mali pale kampuni ya Tata Chemicals ilipoanzishwa Mithapur mwaka 1939 kutengeneza magadi, kampuni ambayo tangu 2005 inamiliki pia kiwanda cha Ziwa Magadi nchini Kenya. Usiku wa tarehe 7 Septemba 1965, katika vita vya India na Pakistan, meli saba za Pakistan ziliupiga mji kwa mizinga. Makombora mengi yaliangukia kwenye ardhi laini kati ya hekalu na kituo cha reli, mengine bila kulipuka, na waumini wakapata muujiza mwingine wa kuusimulia.

Ni Bet Dwarka tu iliyoendelea kudai safari ya majini. Kisiwa hicho, ambacho hutajwa kuwa makazi ya Krishna ilhali Dwarka ilikuwa baraza lake, kina hekalu la familia yake, dargah, yaani kaburi la walii wa Kiislamu, ya Haji Kirmani, na gurudwara, nyumba ya ibada ya Masingasinga, ya kumkumbuka Mohkam Singh, mmoja wa watu watano wa kwanza walioingizwa katika jamii ya Khalsa mwaka 1699. Wakazi wake wengi ni wavuvi Waislamu, na kwa vizazi vingi mhujaji wa Kihindu alivushwa hadi kwa Krishna ndani ya mashua za Okha zilizosheheni watu. Tarehe 25 Februari 2024 lilifunguliwa Sudarshan Setu, daraja la nyaya lenye urefu wa kilomita 2.32, na mabasi sasa huenda na kurudi katika muda ambao zamani ulitumika kusubiri zamu ya mashua. Wenye mashua wamepoteza sehemu kubwa ya abiria wao. Majahazi ya Salaya, bandari ya wilaya hiyohiyo, yangali yakipakia bidhaa kwenda Ghuba ya Uajemi na Somalia, lakini hija ya Dwarka, kwa mara ya kwanza katika historia yake inayojulikana, inaweza kukamilishwa yote bila mtu kupanda chombo.